Jasho la Kupanda, Baridi ya Kushuka

Anayetoka Musaga alfajiri kuelekea Ijenda hubadilisha nchi bila kuvuka mpaka. Musaga imeegemea mguu wa milima ya Mumirwa, upande wa kusini wa Bujumbura, na barabara ya taifa namba 7, ambayo kila dereva anaiita RN7, hupita ndani yake kisha huanza kujipindapinda kupanda. Ziwa Tanganyika pale chini liko mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari. Ijenda, kilomita zisizofika 50 mbele, iko juu ya mita 2,000, na mlima Heha, mrefu kuliko yote ya Burundi, unakaribia mita 2,700. Kwa kawaida hewa hupoteza nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa hiyo mtu aliyeacha nyuzi 20 mlangoni kwake anakutana na nyuzi 11 au 12 kule juu, na mara nyingi ukungu na manyunyu pamoja nazo. Kirundi kina neno fupi la hali hiyo, imbeho, na likishatamkwa ushauri unaofuata ni mmoja: chukua koti. Ushauri huo wa koti ndio ninaotaka kuuchunguza hapa, kwa sababu umebeba nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaangusha watu njiani.

Nchi za baridi zimejijengea mafundisho yao kuhusu jambo hili, nayo yametufikia kupitia watalii, majeshi na maduka ya vifaa vya michezo. Yanasema mtu avae matabaka matatu: la kwanza liguse ngozi na kuondoa jasho, la pili lihifadhi joto, la tatu lizuie upepo na mvua. Wazo ni la zamani kuliko vitambaa vinavyouzwa leo kwa jina lake. George Mallory alipokwenda Everest mwaka 1924 alivaa hariri, pamba na sufu, moja juu ya nyingine, na gabadini juu ya zote. Gabadini ni kitambaa alichobuni Mwingereza Thomas Burberry mwaka 1879. Kilichobadilika baadaye ni malighafi. Nguo za Gore-Tex ziliingia sokoni mwaka 1976, na miaka michache baadaye kiwanda cha Malden Mills huko Marekani kikatoa kile kitambaa laini cha poliesta chenye manyoya mafupi, kinachofanana na blanketi la mtoto, ambacho leo kimejaa kwenye marobota ya mitumba. Sina ugomvi na mafundisho hayo. Ila yalitungwa mahali ambapo baridi ni ya kudumu na mvua hugeuka theluji, na theluji unaweza kuikung'uta begani. Sisi tuna mvua yenyewe, jua kali baada ya mvua, na mlima unaomtoa mtu jasho kabla hajafika penye baridi. Kwenye vilima vyetu maji ndiyo yanayomshinda mtu. Baridi huja nyuma yake kumalizia kazi. Ukikubali hilo, mpangilio wa mavazi hubadilika tangu ngozini.

Hesabu yake si ngumu. Mtu anayepanda hutumia nguvu nyingi, lakini ni kama robo tu ya nguvu hiyo inayoingia kwenye mwendo. Iliyobaki yote hutoka kama joto, na mwili hulitupa nje kwa jasho. Mwenye kupanda kwa bidii anaweza kutoa lita nzima kwa saa moja. Jasho linapokauka hubeba joto, na hubeba jingi kuliko tunavyodhani. Glasi moja ya maji iliyonaswa kwenye fulana, ikikaukia mwilini, hunyonya joto linalotosha kuchemsha karibu lita mbili za maji ya bomba. Wakati wa kupanda hilo ni neema, maana mwili una joto la kutupa. Neema inakwisha pale mtu anaposimama. Misuli imetulia, tanuri limezimwa, lakini fulana bado imelowa na bado inadai joto lake lile lile. Zaidi ya hapo, maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia, na nguo yoyote huhifadhi joto kwa kushika hewa katikati ya nyuzi zake. Nguo iliyolowa imepoteza hewa hiyo. Sweta nene lililojaa maji ni zito, linabana, na kazi yake imebaki jina tu.

Ndiyo maana madaktari wa milimani hawahitaji barafu ili kuona mgonjwa wa baridi. Joto la ndani la mwili ni nyuzi 37. Likishuka chini ya 35 mtu ameingia hatarini, na hali hiyo hutokea vizuri kabisa kwenye hewa ya nyuzi 10 yenye mvua na upepo. Ushahidi mzito zaidi katika eneo letu ni wa mwaka 1908, kwenye mlima Karisimbi, wenye mita 4,507 na ulio kati ya Rwanda na Kongo. Mjerumani Egon Kirschstein, mtaalamu wa miamba katika msafara wa Duki Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alikumbwa huko na dhoruba ya mvua ya mawe na theluji, na wapagazi wake 20 wakafa. Bunduki haikulia, wala hapakuwa na njaa ya kuua. Nguo ya kawaida ya mpagazi wa zama zile ilikuwa merikani au kaniki, pamba tupu, na pamba ikishalowa mlimani humgeuka mvaaji wake. Vifo vya namna hii ni rahisi kuvieleza kwa tabia: kwamba watu walikata tamaa, walikaa chini, walikataa kuinuka. Lakini kukaa chini na kukataa kuinuka ndio ugonjwa wenyewe. Ubongo uliopoa huacha kutaka. Mtu huanza kutetemeka, kisha vidole havifungi kifungo, kisha maneno yanamtoka kilevi, kisha hatetemeki tena na anasema yuko salama. Anayemwona mwenzake katika hatua hiyo ya mwisho asidanganyike na utulivu wake.

Musaga haina Karisimbi. Ina kitu cha kawaida zaidi, nacho kwa hoja hii kina faida, kwa sababu kinarudiwa kila wiki. Jumamosi asubuhi, vilima vya Bujumbura vimekuwa kwa miaka mingi njia ya wakimbiaji, wengine kwa makundi yenye nyimbo na makofi. Mwaka 2014 serikali ilibana mbio za makundi mjini na kuzielekeza kwenye viwanja maalumu, ikihofia siasa ndani yake, lakini mapenzi ya mlima hayakwisha. Taifa lililomtoa Vénuste Niyongabo, mshindi wa mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996, na Francine Niyonsaba, aliyepata fedha ya mita 800 huko Rio mwaka 2016, halihitaji kuelezwa thamani ya kukimbia. Tazama hata hivyo jinsi mkimbiaji wa kawaida alivyovaa: fulana ya pamba, suruali nzito, na juu yake jaketi la nailoni lililofungwa hadi kooni, kwa imani kwamba jasho jingi ni mazoezi mengi. Anapanda kwa nusu saa na anafika juu akiwa amelowa kama aliyetoka mtoni. Kisha anasimama kuongea na wenzake, upepo wa mlimani unampata mgongoni, na kuanzia hapo safari yake ya kurudi ni ya meno kugongana. Atasema ni baridi ya mlima. Mimi nasema ni jasho lake mwenyewe, alilolibeba kutoka chini na kulifungia ndani ya nailoni.

Mwenye baiskeli ana hesabu kali zaidi. Wale wa RN1, barabara ya Bugarama, wanajulikana mbali kwa ujasiri wa kushikilia nyuma ya malori wakati wa kupanda na kushuka kama mishale wakiwa na mikungu ya ndizi. Watu hushangaa hatari ya lori; mimi huvutiwa pia na namna mwili unavyotendewa. Anayevutwa na lori anapanda bila kutoka jasho, amekaa tu huku upepo ukimpiga, na hewa inazidi kupoa dakika kwa dakika. Anayesukuma baiskeli kwa miguu anapanda akiwaka. Wakati wa kushuka wote wawili wanakaa bila kukanyaga, kwa kasi ambayo hewa ya nyuzi 12 huhisiwa baridi kuliko kipimo chake, hasa mikononi na kifuani. Barabara ni moja, baridi ni moja, lakini yule wa kwanza anahitaji koti tangu mwanzo na yule wa pili akilivaa mwanzoni atalijuta. Ushauri mmoja wa "chukua koti" hauwezi kuwatosha wote wawili. Swali la kwanza linapaswa kuwa mtu atatoa jasho kiasi gani na wapi, ndipo lifuate la nguo.

Hapo ndipo tabaka la ngozini linapopata ukubwa wake. Pamba hupenda maji. Hata ikiwa kavu kwa kuitazama hubeba unyevu wa asilimia 7 au 8 ya uzito wake, na ikilowa huyashikilia maji ndani ya uzi wenyewe. Poliesta haifikishi asilimia 1; maji hukaa juu ya nyuzi na katikati yake, huenea, na hukauka haraka. Sufu ni kiumbe wa tatu: inaweza kunyonya unyevu unaofika theluthi ya uzito wake na bado mvaaji asihisi kuwa amelowa, na nyuzi zake zilizojikunja huendelea kushika hewa. Hakuna haja ya maabara. Chovya kwenye ndoo moja fulana ya pamba na jezi ya mpira, zikamue kwa mkono ule ule, zitundike kivulini siku ya mawingu. Pindo la fulana litakuwa bado limelowa wakati jezi inavalika. Kwa hiyo nguo bora ya kwanza kwa anayepanda kutoka Musaga, ile ambayo maduka ya Ulaya yanaiuza kwa bei ya kiatu, ni jezi ya mpira. Imo katika kila nyumba. Tunaivaa kwa ushabiki, siku ya jua, uwanjani au mtaani, halafu siku ya mlima na mvua tunaiacha kwenye kamba na kuvaa shati la pamba kwa kuwa shati linaonekana nguo ya mtu mzima.

Najua pamba ina watetezi, na hoja zao si za kupuuza. Burundi ni nchi ya pamba: uwanda wa Imbo, ule unaolala kando ya ziwa na mto Rusizi, umeilima tangu enzi ya Wabelgiji, na kiwanda cha COTEBU, ambacho baadaye kilikuja kuwa Afritextile, kilivisha vizazi kwa kitambaa cha hapa hapa. Kumwambia Mrundi aache pamba ya Imbo na kuvaa mafuta ya petroli yaliyosokotwa Asia kuna uchungu wake. Tena poliesta inanuka baada ya siku moja, huyeyuka na kugandia ngozini ikikutana na moto, na kwenye joto la mchana la Imbo, siku isiyo na upepo, pamba humpoza mtu vizuri zaidi kwa sababu ile ile inayomwumiza mlimani: inashika maji na kuyaachia taratibu. Yote hayo nayakubali. Asiyepanda na avae pamba. Aendaye kuketi jikoni penye kuni na avae pamba. Anayelala na avae pamba. Hoja yangu inamhusu anayetoka jasho na kisha kukutana na upepo, na kwa huyo uzalendo wa kitambaa hauzuii mwili kupoa. Harufu huondoka kwa sabuni.

Kuhusu sufu, mitumba imetupa kitu ambacho wachache wanakithamini. Sokoni, iwe Musaga kwenyewe au chini mjini kwa Siyoni, sweta la sufu halisi na la akriliki hupangwa pamoja, na mara nyingi la akriliki ndilo linalochaguliwa kwa kuwa rangi yake inawaka na halikwaruzi. Anayejua kusoma kibandiko cha ndani anaweza kuondoka na nguo ambayo mvuvi wa Bahari ya Kaskazini angeitegemea kwa uhai wake. Na asiyepata kibandiko, maana mara nyingi kimekatwa, aguse: sufu halisi hukwaruza kidogo shingoni na haina ule mng'ao wa plastiki. Siasa ya mitumba ni kisa kirefu. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na Marekani ikajibu kwa kuinyima nafuu ya kuuza nguo zake huko. Wanaotaka mitumba ife wana hoja ya viwanda, na ni hoja nzuri. Lakini katika mjadala wote ule sikumbuki mtu aliyeuliza ni kiwanda gani cha kanda hii kitamshonea mkulima wa mita 2,200 nguo ya kumkinga na mvua ya Aprili. Tulikuwa tunajadili shati na suruali, kana kwamba Afrika Mashariki yote ni pwani.

Sasa koti. Wazee wa Mugamba, yaani kanda ya juu ambako Ijenda iko, wanatambulika kwa makoti marefu mazito na kofia, hata siku ambayo mgeni kutoka Bujumbura anatembea na mikono wazi. Si haki kuwacheka, na kusema kweli wanajua wanachofanya. Mzee yule anatembea polepole, anasimama kusalimia kila mtu kwa urefu unaostahili, anakaa kwenye gogo kusikiliza shauri. Hatoi jasho. Kwa mwili wa namna hiyo koti zito ndiyo nguo sahihi kabisa, na kifungo kimoja kilichofunguliwa mchana kinatosha kurekebisha hali ya hewa. Kosa linatokea kijana wa Musaga anapoliazima koti hilo kwa mwendo wa kijana. Nguo moja nene ina hatua mbili tu, kuvaliwa na kuvuliwa: akilivaa anaungua, akilivua anapigwa na upepo akiwa na shati lililolowa. Nguo mbili nyembamba zenye uzito ule ule, sema jezi na sweta, au sweta na kizibao, zina hatua nne au tano. Faida ya matabaka ni kupunguza na kuongeza kabla mwili haujachelewa. Wengi huvua wanapokuwa wameshalowa na huvaa wanapokuwa wameshaanza kutetemeka. Aliye na busara huanza kupanda akisikia ubaridi kidogo, karibu aone haya, na huvaa sweta dakika ile ile anapofika juu, kabla ya kuvuta pumzi na kabla ya kupiga picha. Na kama ana nafasi ya kitu kimoja tu mfukoni, kiwe fulana kavu ya kubadilisha. Naithamini kuliko koti.

Tabaka la nje ndilo lenye utata zaidi, na ndilo ambalo mafundisho ya kigeni yanatupoteza zaidi. Gore-Tex ilitokana na ugunduzi wa Robert Gore mwaka 1969: utando wenye vitundu vidogo mno kwa tone la maji lakini vikubwa vya kutosha kwa mvuke. Mvua haingii, jasho linatoka. Lakini mvuke hautoki kwa hiari. Husukumwa na tofauti ya unyevu kati ya ndani na nje. Hewa ya nyuzi 0, hata ikijaa mvuke kabisa, ina robo tu ya mvuke unaobebwa na hewa iliyojaa ya nyuzi 22. Kwa Mnorwe, jasho linatoka kwenye koti kama watu wanaotoka chumba kilichojaa kwenda uwanja mtupu. Kwa mtu wa Musaga, mvua ya jioni ikinyesha kwenye hewa ya nyuzi 22, uwanja wenyewe umejaa, na jasho linabaki ndani likitiririka. Koti la dola mia tatu linakuwa jamaa wa mfuko wa nailoni. Kwa hiyo chini mtaani, mpaka unapofika penye ubaridi wa kweli, kinga bora ya mvua ni ile inayoacha hewa ipite kutoka chini: mwamvuli, au kipande kikubwa cha shitingi, yaani turubai la plastiki, kilichotupwa mabegani na kuachwa wazi pembeni. Mwamvuli unadharauliwa na wapanda milima wa Ulaya kama kitu cha mjini. Kwa anayetembea barabara ya Ijenda bila upepo mkali, unamkinga kichwa, mabega na mzigo, na haumtoi jasho hata tone. Upepo ukija, ufunge. Hapo shitingi ndiyo mfalme.

Wachumaji wa chai wa nyanda za juu, huko Tora na Teza, walifika kwenye jibu hilo bila kitabu. Kazi yao huanza asubuhi, wakati vichaka vya chai vimejaa umande hadi kiunoni, kwa hiyo wanalowa hata siku isiyo na mvua, na wanalowa kuanzia chini. Wengi hufunga kiunoni karatasi nene ya plastiki, kama khanga, ikashuka hadi chini ya magoti. Juu wanabaki na sweta na kikapu. Tazama mantiki yake. Maji yanatoka mbele na chini, basi kinga imewekwa mbele na chini. Mikono na mgongo vinavyofanya kazi vimeachwa vipumue. Hakuna mtengenezaji wa nguo aliyeuza vazi hilo, na sioni mtu anayeweza kulifanya bora zaidi isipokuwa kuliongezea kamba inayoshika. Ndiyo maana amri ya 2018, iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki Burundi na kutoa miezi 18 ya kujiandaa, ingepaswa kusomwa pia na macho ya mvua. Mito ya Bujumbura ilikuwa inasongwa na mifuko ile, na marufuku ilikuwa na sababu. Lakini mfuko mkubwa uliotobolewa matundu matatu, moja la kichwa na mawili ya mikono, ulikuwa koti la mvua la asiye na koti, na sijaona mahali ambapo mbadala wake ulifikiriwa.

Kuna anayesema yote haya ni kukuza jambo. Hii ni nchi ya ikweta, atasema, hakuna aliyeganda Musaga, na mtu aliyelowa akifika nyumbani anakaa kando ya mbabula, jiko la makaa, chai inachemka, na kesho anaamka mzima. Kwa kijana aliyeshiba na mwenye nyumba karibu, ni kweli. Mwili wenye mafuta, chakula na mahali pa kukimbilia husamehe makosa mengi ya mavazi. Lakini anayeshuka kutoka vilimani na kikapu kwenda soko la Musaga hayuko hivyo. Anashuka asubuhi akiwa mkavu na mwenye joto la mzigo, anauza, halafu anaanza kupanda mchana, saa ambazo mvua hupenda kunyesha, akiwa amekula kidogo, na nyumba iko saa tatu mbele, mita mia kadhaa juu ya alipo. Njaa na unyevu hufanya kazi pamoja, maana kutetemeka ni moto, na moto unataka kuni. Wengine wanasema tatizo ni umaskini na kumfundisha maskini kuvaa ni dhihaka. Hoja hiyo ina uzito, lakini mfano wa Kilimanjaro unaipunguza makali. Wapagazi wa mlima ule wenye mita 5,895 walikuwa wakipanda na chochote walichonacho, na tangu mwaka 2003 shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project mjini Moshi limekuwa likiwaazima nguo za mlimani bila malipo. Umaskini wao haukuisha kwa sababu ya jaketi. Lakini hatari ya nguo mbaya ilionekana kuwa kitu kinachotengeka peke yake, bila kusubiri mengine yote yatengemae.

Tena kuna abiria ambaye katika hesabu hizi zote hakuulizwa: mtoto mgongoni. Mama anayepanda kutoka Musaga huku amembeba mtoto hujali sana kumfunika nje. Kitenge kinazungushwa, blanketi linaongezwa juu, kofia ya sufu inashushwa hadi masikioni, na mwamvuli unainamishwa nyuma ili mtoto asipate tone, hata kama mama mwenyewe analowa. Upande wa nje umelindwa vizuri. Upande wa ndani, kifua na tumbo la mtoto vimelala kwenye mgongo wa mama, na mgongo huo una blauzi ya pamba inayolowa jasho kila hatua. Wakati wa kupanda hakuna madhara. Mgongo wa mama ni jiko, na tangu njia ya kumfunga mtoto kifuani mwa mama ianzishwe Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali za nchi nyingi zimekubali kwamba mwili wa mama huwapa joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Shida huanza mama anapopumzika kwenye ukingo wa barabara, au anapopata nafasi kwenye gari la wazi linalopanda. Jiko limezimwa, kitambaa kati yao kimejaa maji, na mtoto, ambaye kwa udogo wake hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, amebanwa nacho kifuani chini ya blanketi kavu. Akigeuka mtu kumtazama ataona kofia, blanketi na uso uliotulia. Kabla ya kupanda gari, khanga kavu iliyokunjwa na kupitishwa kati ya mgongo wa mama na kifua cha mtoto huchukua nafasi ndogo kuliko kofia.